Ushuru Unashuka, Meka Inapanda

Ukitaka kujua hali ya biashara ya dunia ukiwa Lubumbashi, acha redio kwanza. Nenda asubuhi soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, simama mbele ya mama anayeuza unga, mwangalie anavyojaza meka, lile kopo la kupimia unga. Siku ambazo unga ni mwingi, kopo linajaa mpaka linaota kilima, halafu mama anatupia konzi moja juu bila kuombwa. Siku ambazo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuna shida, kiganja chake kinapita juu ya meka kama rula na unga unakatwa sawasawa na ukingo. Bei inaweza kuwa ileile ya jana. Aliyepunjwa atajua jioni, bukari, yaani ugali, itakapofika mezani na watoto wakaanza kutazamana.

Muulize mama sababu. Jibu lake kila mtu mjini amelisikia: «Papa, bei haiko mu mukono yangu, iko ku Kasumba.»

Nimeishi na jibu hilo miaka mingi, na kadiri ninavyosoma habari za biashara ya kimataifa ndivyo ninavyoona lina ukweli kuliko hotuba nyingi. Maana Kongo haijakosa mikataba. Tumo COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tangu ilipozaliwa mwaka 1994. Shirika la Biashara Duniani lilitupokea tarehe 1 Januari 1997, na mwaka huohuo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikatukubali. Mwaka 2022 tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tukakabidhi pia hati ya kuridhia Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, lile ambalo huku tunaliita ZLECAf. Mikataba yote hiyo inaimba wimbo mmoja: punguzeni ushuru, ondoeni vizuizi, mlaji atanufaika. Mlaji ni mimi na wewe. Basi mbona meka haijasikia?

Hesabu ya blanketi

Tuanze na kile ambacho mikataba hii inakifanya kweli, maana kipo.

Chukua shehena ya mablanketi kutoka China, iliyopita bandari ya Dar es Salaam. Tuseme thamani yake, pamoja na usafiri na bima, ni dola 100. Ushuru wa forodha wa Kongo una ngazi chache tu, nazo ni asilimia 5, 10 na 20. Tuseme blanketi limeangukia ngazi ya juu: dola 20. Kisha inakuja TVA, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 tangu mwaka 2012, nayo haihesabiwi kwenye zile 100. Inahesabiwa kwenye 120, yaani dola 19 na senti 20. Shehena sasa imefika dola 139.20 kabla haijaguswa na mkono mwingine wowote. Futa ushuru, TVA inarudi kuhesabiwa kwenye 100, jumla inakuwa 116. Ushuru wa dola 20 ukiondoka, mnunuzi anapunguziwa dola 23.20, kwa sababu kodi moja ilikuwa imepanda mgongoni mwa nyingine.

Hiyo ndiyo hoja ya watetezi wa biashara huria, na mimi naikubali. Ushuru ni kodi ya mnunuzi hata kama risiti ina jina la mwagizaji. Tena haukai kwenye bidhaa iliyotozwa peke yake. Mapema mwaka 2018 Marekani iliweka ushuru mzito kwenye mashine za kufulia nguo zinazotoka nje. Wachumi wa benki kuu ya nchi hiyo na wa Chuo Kikuu cha Chicago wakafuatilia bei. Mashine za kufulia zilipanda kama asilimia 12, na kampuni za Marekani zenyewe zikapandisha, kwa sababu jirani akiongeza bei yake nani atabaki chini? Kituko ni mashine za kukaushia. Hizo hazikuwekewa ushuru hata senti moja, lakini nazo zilipanda karibu kiasi kilekile, kwa kuwa dukani huuzwa pacha na zile za kufulia na wauzaji wakaona ni rahisi kuugawa mzigo kwa wote wawili. Walaji walilipa takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Ajira zilizopatikana zilikuwa kama 1,800. Ukigawanya utaona kila ajira iligharimu zaidi ya dola laki nane.

Upande wa pili wa shilingi tunao mifukoni. Mwaka 1996, mjini Singapore, kundi la nchi lilikubaliana kufuta ushuru kwenye kompyuta, simu na vipuri vyake. Kongo haimo katika mkataba huo. Lakini simu inayouzwa kwenye meza ya barabarani hapa mjini imeundwa kwa vipuri vilivyovuka mipaka mingi bila kulipiwa chochote, na hiyo ni sababu mojawapo ya fundi wa baiskeli kuwa nayo, na mwanafunzi, na mama wa unga. Tumekula karamu tusiyoichangia. Serikali yetu ilipoamua mwaka 2020 kuzitoza simu kodi ya RAM, yaani ya kusajili simu, tena kwa kukata kwenye salio, watu walipiga kelele mpaka ikafutwa mwaka 2022. Ushuru wa mpakani haupigiwi kelele namna hiyo. Unakuja umeshafungwa ndani ya bei, na hakuna ujumbe unaoingia kwenye simu kukuambia umekatwa kiasi gani kwenye blanketi lako.

Kati ya Chililabombwe na sufuria

Sasa turudi kwenye unga unaopita Chililabombwe, mji wa Zambia jirani na Kasumbalesa. Hapo ndipo hesabu inavurugika.

Unga wa Zambia, kwa sheria za COMESA, una haki ya kuingia bila ushuru au kwa ushuru uliopunguzwa, mradi una cheti cha asili. Cheti hicho kinathibitisha kwamba bidhaa ni ya nchi mwanachama kweli. Mahindi yaliyolimwa Zambia na kusagwa Zambia hayana utata. Biskuti iliyookwa Ndola kwa ngano ya ng'ambo ina utata: lazima kiwanda kionyeshe kwamba sehemu ya kutosha ya thamani, kwa kipimo kimoja asilimia 35, imeongezwa hapo. Na blanketi letu la China halibadiliki kuwa la Kiafrika kwa kuvuka Tanzania. Watu wengi wanadhani «soko huru la Afrika» litashusha bei ya kila kitu kinachopita Dar es Salaam. Halitashusha. Linahusu kinachotengenezwa barani.

Kwa wafanyabiashara wadogo COMESA ilibuni utaratibu mwepesi, wenye orodha ya bidhaa inayojulikana na karatasi moja ya kugongwa muhuri papo hapo mpakani. Jambo zuri kabisa. Ila mama aliyevuka na mifuko mitatu hana uhakika kama atakayempa karatasi hiyo hatamdai kitu kingine, kwa hiyo anaona afadhali kumpa kijana wa baiskeli anayejua vinjia.

Na hofu yake ina msingi. Ushuru ukifutwa, TVA haijafutwa. Ada za huduma hazijafutwa. Amri ya mwaka 2002 inasema huduma za serikali zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani ni nne: forodha, uhamiaji, ofisi ya udhibiti wa bidhaa, na usafi na afya. Nne! Waulize madereva wa Kasumbalesa wakuhesabie walizokutana nazo safari iliyopita. Wataanza kwa vidole vya mkono mmoja na kuhamia wa pili. Kila meza ina karatasi, kila karatasi ina bei, na hakuna mkataba wa Geneva, makao ya Shirika la Biashara Duniani, wala wa Accra, makao ya ZLECAf, unaojua jina la meza ya sita.

Kisha foleni. Kasumbalesa iko kilomita 90 hivi kutoka mjini, na barabara hiyohiyo ndiyo inayotoa shaba na kobalti ya Katanga kwenda Durban na Dar es Salaam. Foleni ya malori imewahi kufika makumi ya kilomita. Lori la unga likilala njiani siku tatu, dereva anakula, tajiri wa lori anadai siku zake, na mwenye mzigo ana fedha zimelala ndani ya mifuko. Mwisho wa yote anayelipia usingizi huo ni mwenye sufuria. Kule Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, kwenye njia hiyohiyo ya shaba, tangu Desemba 2009 kuna kituo ambako maofisa wa nchi mbili wanakaa pamoja na lori linasimama mara moja badala ya mara mbili. Hawakuhitaji kufuta ushuru wowote ili kupunguza siku za kusubiri. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kupunguza asilimia tano ya ushuru na kupata kituo kama kile hapa kwetu, sitafikiri mara mbili.

Kuna mkono mwingine unaosahaulika: wa mwagizaji. Ushuru ukishuka, nani kasema atashusha bei? Wakiwa wengi wanaogombania wateja, watashusha. Wakiwa wachache wanaojuana, tofauti inabaki mfukoni. Tumeliona hili kwa njia nyingine mwaka 2025, faranga ilipopata nguvu ghafla na dola ikateremka kutoka karibu faranga 2,800 hadi chini ya 2,500. Wakambisti, wale wabadilishaji fedha, walibadilisha bei asubuhi ileile. Madukani tukaambiwa bidhaa ni za zamani, zilinunuliwa kwa dola ya juu, tungojee. Ajabu ni kwamba dola inapopanda, bidhaa za zamani hupandishwa bei siku hiyohiyo, wala hakuna anayekumbuka zilinunuliwa lini.

Jirani anapofunga mlango wake

Mwezi wa nane 2024 tulipata somo la kuzuia bidhaa, na lilikuwa fupi na kali. Kongo ilikuwa imepiga marufuku kuingiza bia na vinywaji baridi, kulinda viwanda vya ndani. Wasafirishaji wakaandamana Kasumbalesa. Zambia ikajibu kwa kufunga mpaka, si kwa soda tu, kwa kila kitu, pamoja na vituo vingine vya mpakani, Mokambo na Sakania. Mawaziri wakakimbilia mezani na ndani ya siku chache mpaka ukafunguliwa. Mtu asiyekunywa bia kabisa aligundua kwamba chakula chake kilikuwa kimefungwa kamba moja na bia ya mwenzake.

Lakini tatizo la unga la Lubumbashi mara nyingi linatoka upande ambao mjadala wa biashara huria hauutazami sana. Hatuteseki kwa sababu Kongo imezuia unga usiingie. Tunateseka Zambia inapozuia usitoke.

Hapa ndipo pana shimo katika sheria za dunia. Mkataba wa GATT, ule uliokuja kuzaa Shirika la Biashara Duniani, ulitungwa mwaka 1947 na nchi 23 zilizokuwa bado na kumbukumbu ya miaka ya thelathini, pale kila nchi ilipojifungia isinunue kwa wengine. Hofu yao ilikuwa jirani asiyetaka kununua. Kwa hiyo ushuru wa kuingiza ulijadiliwa raundi baada ya raundi na kuwekewa dari. Upande wa kuuza nje ulipewa ulinzi mwepesi. Kifungu cha 11 kinakataza marufuku, halafu hapohapo kinaruhusu nchi kuzuia chakula kisitoke kwa muda, ikiwa ina upungufu mkubwa au inajikinga nao. Ni nani wa kupima kama upungufu ni mkubwa? Kwa kawaida ni nchi yenyewe.

Na siwezi kuwalaumu Wazambia. Mwaka 2024 ukame uliteketeza takriban hekta milioni moja ya mahindi yao, karibu nusu ya yaliyopandwa. Rais wao akatangaza janga la taifa mwezi wa pili, na mavuno yakawa tani milioni 1.5 tu. Serikali gani ingeruhusu malori ya unga yavuke kuja kwetu huku watu wake wakipanga foleni? Mwaka uliofuata mvua zilirudi, wakavuna zaidi ya tani milioni 3.6. Ukilinganisha namba hizo mbili unaona jambo ambalo mkataba hauwezi kulitibu: kilimo cha jirani yetu kinategemea wingu, na sisi tunategemea kilimo cha jirani yetu.

Marufuku hiyo ina mlaji kila upande. Mlaji wa Kitwe, kule Zambia, anapata unga nafuu kidogo kwa msimu mmoja. Mlaji wa Katuba, hapa Lubumbashi, anakatiwa meka. Aliye katikati, mkulima wa Mkushi huko Zambia, analazimishwa kuuza kwa bei ya chini wakati bei nzuri iko kilomita chache ng'ambo, na msimu ujao anaweza kuamua kulima soya. Ndiyo maana wachumi hulalamikia marufuku ya kuuza nje kuliko wanavyolalamikia ushuru: inamwadhibu yule ambaye tungependa alime zaidi.

Utauliza, kwani sisi hatulimi? Hilo ni deni la zamani. Reli iliyofika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910 ilitoka kusini, na mji ulianza kulishwa kwa mahindi ya Rhodesia tangu wachimbaji wa kwanza. Kinshasa iko mbali kuliko Lusaka kwa kila hali isipokuwa ramani ya siasa. Mkoa uliwahi kuzitaka kampuni za madini zilime hekta 500 kila moja. Mavuno yalionekana kwenye picha kuliko kwenye masoko. Mkulima mdogo wa kandokando ya Kipushi naye ana kisa chake: mwaka ambao unga wa Zambia ni rahisi, mahindi yake hayana mnunuzi. Biashara huria kwake ni ushindani bila mbolea na bila barabara. Kiwanda cha pamba cha FILTISAF kule Kalemie kilinyamaza zamani, na waliofanya kazi pale hawatafarijiwa ukiwaambia nguo sasa ni rahisi. Faida ya kufungua soko hugawanywa kwa mamilioni, kila mmoja kidogo. Hasara inaangukia mtaa mmoja, nyumba kwa nyumba. Anayeandika kuhusu faida za mlaji bila kusema hivyo anauza nusu meka kwa bei ya nzima.

Inakoelekea

Geneva imekwama. Raundi ya mazungumzo iliyoanzishwa Doha mwaka 2001 haikufika popote pa maana, mahakama ya rufaa ya Shirika la Biashara Duniani haina majaji wa kutosha tangu Desemba 2019, na wanachama ni 166 ambao kila mmoja anaweza kusema hapana. Jambo kubwa lililopita ni mkataba wa kurahisisha taratibu za mipakani, unaotumika tangu Februari 2017, na kwa macho yangu ndio unaomfaa mlaji wa Lubumbashi kuliko yote, kwa kuwa unahusu meza na karatasi.

Aprili 2025 Marekani, iliyokuwa mhubiri mkuu wa soko huria, ilitangaza ushuru kwa karibu dunia nzima. Lesotho iliandikiwa asilimia 50, sisi 11. Shaba na kobalti ziliachwa nje ya orodha, kwa hiyo Katanga haikuguswa moja kwa moja. Ila bidhaa za China zilizokosa nafasi Marekani zinatafuta wanunuzi kwingine, na sioni ajabu nyingine zikija kuishia kwenye meza zetu kwa bei ya chini. China kwa upande wake ilifuta ushuru wote kwa nchi maskini zaidi tangu Desemba 2024. Inapendeza, isipokuwa tunachowauzia zaidi ni mawe, na mawe hayakuwa na ushuru mkubwa tangu zamani.

Kisha kuna kitu ambacho sipendi kukisema mbele ya Wazambia. Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje, na kuanzia Oktoba ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Bei ikapanda. Tulishangilia, na nadhani tulikuwa na sababu. Lakini mnunuzi wa betri huko ng'ambo anatutazama kwa jicho lilelile tunalowatazama nalo Wazambia wanapofunga mahindi.

Kilichobaki ni bara letu. ZLECAf inataka asilimia 90 ya aina za bidhaa ziondolewe ushuru, na nchi kama yetu zimepewa miaka kumi. Asilimia saba ni bidhaa nyeti, zitakazochukua muda mrefu zaidi. Asilimia tatu zinaweza kubaki nje kabisa, mradi thamani yake isizidi sehemu ya kumi ya bidhaa zinazoagizwa. Tatu inasikika ndogo. Lakini aina tatu kwa mia zikichaguliwa kwa ujanja zinaweza kubeba sukari, saruji, bia, mafuta ya kupikia, yaani kikapu kizima cha mama. Wenye viwanda wanajua orodha hiyo inaandikwa ofisi gani na wanapiga hodi. Wenye vikapu hawana mtu wa kuwapigia hodi.

Kwa sasa kalenda yangu ya biashara ya dunia ni nyepesi. Mwezi wa pili nauliza madereva kama mvua imekatika Choma na Monze. Mwezi wa tano Zambia hutangaza makadirio ya mavuno, na siku mbili tatu baadaye napita soko la Kenya bila kununua kitu, natazama tu kiganja cha mama kinapofika juu ya kopo.